Mkono Ulionyanyuka Njiapanda

Hebu fumba macho kidogo, uione barabara ya mlimani huko Yorkshire, Jumapili, ibada imekwisha. Mvua ni ile isiyo na haraka. Gari jeusi linateremka taratibu, limeng'arishwa mpaka mawingu yanajiona ubavuni mwake. Ndani, mbao zinang'aa kama asali, na viti ni vya ngozi, rangi ya maziwa. Nje, kati ya milango, umelala mkono mdogo wa taa, urefu wa rula ya shuleni. Dereva akitaka kukata kona, unachomoza na kuwaka.

Wilfred Metcalfe, muuza nguo, alilisubiri gari hilo tangu vita viishe.

Jumapili ile baba yake, mzee Amos, mfugaji wa kondoo, alikuwa amesimama njiapanda ya kwenda shambani kwake, gunia begani. Wilfred akabonyeza swichi. Mkono ukachomoza. Mzee akatabasamu, akasogea. Ndipo Wilfred alipoyaona mabuti, yamejaa tope hadi vifundoni.

Akaurudisha mkono. Akainama kupita mbele ya mkewe, Enid, aliyeketi kando yake, akateremsha kioo cha upande ule kidogo tu.

"Baba, viti hivi, unajua tena... Nitarudi na gari la dukani."

"Haya, mwanangu. Nangoja."

"Wilf!" Enid alimkemea walipoondoka. "Yule ni baba yako, si mbwa aliyelowa!"

"Si nimesema nitarudi?"

Nyumbani kulikuwa na nyama ya kuoka, kisha chai, kisha usingizi mbele ya moto.

Mzee alikutwa jioni, ameketi chini ya ukuta wa mawe, uso ameuelekeza barabarani. Alikuwa amekwisha kupoa.

Siku ya mazishi jamaa walileta viatu vyake vya kanisani avikwe. Enid akavikataa. "Avae mabuti yake." Akayafunga mwenyewe, la kushoto kwa uzi mwekundu wa sufu, maana kamba yake ilikatika.

Jumapili iliyofuata, walipokaribia njiapanda, mkono ukachomoza. Wilfred hakuwa amegusa swichi.

Fundi Stanley aliukagua, akaangua kicheko. "Gari la bei yote hii, Wilf, linanyoosha kidole kama mtoto anayejua jibu!" Akakata waya zake zote.

Jumapili ikarudi. Mkono ukachomoza. Ukawaka.

"Simama," Enid alinong'ona.

Hakusimama. Harufu ya sufu mbichi ikajaa garini.

"Wilf. Bado anangoja."

Wilfred akakanyaga breki. Akarudi kinyumenyume. Akashuka mvuani, akafungua mlango wa nyuma. Njiapanda ilikuwa tupu.

"Baba," alisema. "Nisamehe. Ingia. Ingia hivyo hivyo."

Hapakuingia kitu. Aliyekuwa pale, kama alikuwapo, alikuwa na shughuli yake kwanza.

Kisha kiti kikabonyea.

Mkono ukajilaza wenyewe.

Walipanda hadi shambani bila kugeuza shingo. Wilfred alipofungua mlango, kiti kilikuwa kikavu. Zulia safi. Hakuna hata chembe ya tope.

"Labda ni hofu yetu tu," alisema.



Waliporudi njiapanda, Enid akamshika mumewe mkono. Kwenye majani, pale pale mlango ulipofunguliwa, yalisimama mabuti mawili, yamepangwa vizuri ubavu kwa ubavu. La kushoto lilikuwa na uzi mwekundu, umefunguliwa.

Mengine yote yasahau ukitaka. Hili moja tu nakuomba ulikumbuke: aliambiwa aingie hivyo hivyo, naye akayavua.