Mshale Uliogeuzwa Kwenye Gari la Bi Thuweiba

Kijisanduku cha mbao kilikuwa juu ya meza ya kioo, kifuniko wazi. Ndani yake hamkuwa na kitu ila kitambaa chekundu kilichobonyea katikati, pale pete ilipolala kwa zaidi ya miaka hamsini.

Mkaguzi Adib aliinama akakichungulia bila kukigusa. Kufuli haikuvunjwa. Ufunguo ulining'inia kwenye msumari nyuma ya pazia, na kila mtu wa nyumba ile alijua kwamba upo pale. Mwizi gani huyu, alijiuliza, anayefungua kwa ufunguo, anachukua pete moja, kisha anaacha bangili sita za dhahabu kwenye droo ya chini? Ama ni mjinga, ama si mwizi.

Ilikuwa Jumamosi, saa tatu asubuhi, katika nyumba ya zamani mtaa wa Satwa, nyuma ya safu ya maduka ya mafundi cherehani. Kituoni walimtuma Adib kwa sababu ya ulimi wake. Bibi yake mzaa mama alikuwa mtu wa Mkunazini, Unguja, na Kiswahili alikinywa pamoja na uji. Nyumba hii nayo ilikuwa ya Waswahili wa Unguja waliohamia Dubai zamani, na lugha ya jikoni na ya sebuleni ilikuwa moja.

Aliyepiga simu polisi ni Maan, mwana pekee wa mwenye nyumba. Alieleza kwa Kiarabu, harakaharaka, kama hakimu mwenye njaa. Pete ya rubi, ya harusi ya mama yake, ilikuwapo Alhamisi. Leo asubuhi haipo. Watumishi ni wawili tu, dereva na dada wa kazi, na dada wa kazi anaondoka leo hii kwa ndege ya saa kumi jioni.

"Khalas, kesi imekwisha," alisema Maan. "Kuna haja ya kupeleleza nini hapo?"

Adib alikigeukia tena kijisanduku. Kesi iliyokuja imeshapikwa ilimkosesha raha siku zote, maana kwa kawaida kuna mtu kaipika.

Mwenye nyumba mwenyewe, Bi Thuweiba, alikuwa na miaka sabini na minane na macho ya mtu wa arobaini. Alikaa kwenye kiti chake, buibui limekaa sawa, mikono juu ya mapaja. Hakulia wala hakumlaani mtu. Aliuliza neno moja tu.

"Kwa hivyo leo hasafiri?"

Adib alimwambia ukweli. Jalada la wizi likiwa wazi na mtuhumiwa yumo ndani yake, mtuhumiwa huyo hapiti uwanja wa ndege. Bi kizee alitikisa kichwa taratibu, akageukia dirishani.

Dada wa kazi alikuwa jikoni, amesimama kando ya begi lake. Maan alikwisha kulimwaga sakafuni kabla polisi hawajafika, jambo lililomuudhi Adib kuliko alivyoonyesha. Palikuwa na kanga mbili za mbeleko, soksi za kichanga zisizozidi kidole gumba, tende na mafuta ya nazi. Pete haikuwapo. Askari wa kike alimpekua maungoni pia, na hakuona kitu.

"Jina lako?"

"Mwanamkasi binti Heri. Wa Pangani."

"Umekaa hapa muda gani?"

"Miaka kumi na mmoja."

"Unakwenda kufanya nini?"

"Mwanangu ana mimba ya kwanza. Amesharudi nyumbani kwangu ajifungulie kwa mama yake, ndiyo desturi yetu. Yeye amefika, mama ndiye hayupo." Sauti yake ilibaki palepale, lakini vidole vilikuwa vinakunja na kukunjua ncha ya mtandio. "Presha imempanda mara mbili. Wamesema ni wiki hii."

"Pete umeichukua?"

"Sikuichukua."

"Ufunguo unajua ulipo?"

"Ule msumari niliupigilia mimi."

Mtu mwenye hatia hasemi hivyo, aliwaza Adib, au anasema kwa ujanja mkubwa mno. Alimuuliza habari za jana. Mwanamkasi alieleza kwamba aliamka alfajiri, akapika, na wakati wa sala ya Ijumaa alitoka kwenda kwa fundi cherehani kuchukua magauni yake. Foleni ilikuwa ndefu, akarudi watu wameshatoka msikitini.

Adib alitazama saa. Abiria wa ndege ya saa kumi alitakiwa awe uwanjani saa saba. Alikuwa na muda wa saa tatu na nusu kujua ukweli, na mbele yake mwanamke ambaye angebeba aibu ya wizi na kukosa uzazi wa mwanawe kwa siku moja. Ikawa inamkera.

Adib alimkuta dereva barazani, kando ya gari jeupe la Bi Thuweiba. Aliitwa Zedekiya, Mkenya wa Kisii, mrefu, mwenye shati lililopigwa pasi hadi kwenye mifuko. Alikuwa anatetemeka.

"Afande, nitasema ukweli yote," alianza kabla hajaulizwa. "Ni mimi nilifanya."

Adib alitoa daftari. "Ulifanya nini?"

"Nilibadilisha filta ya eisi hapa nyumbani. Sir aliniambia nipeleke gari kwa ejenti. Sikupeleka."

Adib alirudisha daftari mfukoni. Alitaka kucheka, akajizuia. Alimwambia aanze mwanzo, na Zedekiya, alipoona hapigwi pingu, alianza kufunguka. Maan ana pumu. Kila akipanda gari la mama yake kifua kinambana, kwa sababu Bi mkubwa alikuwa na mazoea ya kufukiza udi ndani ya gari, na moshi wote unaishia kwenye filta ya hewa. Mwezi uliopita Maan akapiga marufuku udi garini. Alhamisi Zedekiya akanunua filta mpya kwenye maduka ya vipuri ya Ras Al Khor, akaja kuibadilisha mwenyewe, maana ni kazi ya dakika kumi na kule kwa ejenti, kwenye gereji ya kampuni, unakaa nusu siku.

"Filta yenyewe iko wapi?" Adib aliuliza.

"Nyuma ya droo ya dashibodi, afande."

"Gari langu nalo linayo?"

"Kila gari iko nayo. Yako ulibadilisha lini?"

Adib alikuwa na gari lake mwaka wa sita. Hakuona sababu ya kulijibu swali lile. Aliingia akakaa kiti cha mbele, akamwambia Zedekiya awashe injini na eisi.

Upepo ulitoka. Na ndani ya upepo, taratibu, ikaja harufu ya udi. Haikuwa kali, ilikuwa ile ya nguo za sikukuu zikitolewa kabatini.

Zedekiya alikunja uso. Akanusa mara mbili.

"Hapana," alisema. "Hiyo sio. Alhamisi nikimaliza ilikuwa inanuka plastiki mpya tu. Na gari haijatoka tangu hiyo siku."

"Nani kafukiza?"

"Hakuna mtu. Viti havinuki. Inatoka huko ndani."

Adib alivaa glavu. Alimwita Irshad, fundi wa alama za vidole, aje na kamera, kisha akamwomba Zedekiya amwelekeze bila kugusa kitu. Alitoa kila kilichokuwa ndani ya droo. Akabana mbavu mbili za droo kwa viganja, mpaka vishikizo vikaachia na droo ikalala chini yenyewe. Nyuma yake palikuwa na kifuniko chembamba cha plastiki. Irshad alikipiga picha, akakipulizia unga, akanyanyua alama tatu. Majibu, alisema, kesho mchana.

Kesho mchana Mwanamkasi angekuwa ameshaachwa na ndege. Adib alifungua kifuniko, akaanza kuivuta filta polepole.

"Ngoja, afande." Zedekiya aliinamisha shingo. "Simama hapo. Huo mshale unaangalia juu."

Ubavuni mwa filta, karibu na tarehe ya Alhamisi iliyoandikwa kwa kalamu ya wino mzito, palikuwa na mshale.

"Unatakiwa kuangalia wapi?"

"Chini. Hewa inaingia kutoka juu inashuka. Mshale unafuata hewa." Sasa hakuwa anatetemeka. Alikuwa amekasirika, kama mpishi aliyeambiwa wali wake haukuiva. "Mimi siwezi weka hivyo. Hiyo mwandiko ni yangu, lakini hiyo kazi si yangu. Kuna mtu amefungua baada yangu."

Adib aliivuta yote. Juu ya karatasi nyeupe zilizokunjwakunjwa palikuwa na kifundo kidogo cha kitambaa cha melimeli. Alikifungua. Rubi ilimtazama.

Maan alikuwa amefika barazani. Alipoiona pete, damu ilimpanda usoni. Sasa ni dereva, alisema, nani mwingine anayejua tundu hilo? Au wote wawili, wamepanga. Alitaka wachukuliwe palepale. Yalla, upesi.

"Subiri," alisema Adib. "Dereva huyu hata akiiba, mshale ataweka sawa. Mtazame. Na Mwanamkasi anaondoka leo asirudi karibuni. Nani anayesafiri saa kumi akaficha mali kwenye gari linalobaki?"

Maan alisogea, akautazama ule mshale.

Adib alinusa kile kitambaa. Udi, waridi na sukari iliyoungua. Bibi yake alikuwa akiufanya nyumbani hivyohivyo, na dhahabu yake haikuwekwa popote kabla ya kitambaa chake kupita juu ya chetezo. Mwizi hufunga mali katika mfuko wa plastiki, anakwenda zake. Aliyefunga pete hii aliiheshimu. Mkono wake ulifanya ulivyozoea, naye hakukumbuka kwamba anaiweka mahali panapopuliza.

Aliuliza swali lake la mwisho kwa Zedekiya. Alhamisi alipokuwa akibadilisha filta, nani alimwona?

"Madam mkubwa. Alikaa hapo kivulini na kiti chake. Aliuliza kila kitu, hii ni nini, hiyo inafunguliwa aje. Nikamwambia hapa sasa mpaka mwaka ujao, hakuna mtu atafungua." Alipangusa kioo cha gari kwa mkono wa shati. "Nilifurahi. Hakuna mtu huwa anauliza."

"Na jana wakati wa sala?"

"Mimi nilikuwa kanisa, huku ibada ni Ijumaa. Sir alikuwa msikitini."

Na Mwanamkasi kwa fundi cherehani. Adib alimwomba Maan abaki pale nje. Aliingia sebuleni peke yake, akavua viatu, akaketi chini kwenye zulia mbele ya kiti cha Bi Thuweiba, kama alivyokuwa akikaa kwa bibi yake. Akaiweka pete juu ya goti la bi kizee, ndani ya kitambaa chake.

Bi Thuweiba aliitazama muda mrefu.

"Yule kijana alinambia haitafunguliwa mpaka mwakani," alisema.

"Uliigeuza filta, Bi mkubwa."

"Sikuwa na miwani."

"Kwa nini?"

Akasema yote, kwa sauti ya kawaida, akiutazama mkono wake. Hakutaka polisi. Wallahi hakutaka mtu akamatwe. Alitaka pete ipotee tu, nyumba itafutwe, na Mwanamkasi, kwa alivyomjua, asingekubali kuondoka huku nyuma watu wanasema kaiba. Angebaki kuitafuta. Siku mbili, siku tatu, ndege ingempita, mtoto angezaliwa, na safari ingekosa maana. Kisha pete ingeonekana. Lakini leo asubuhi Maan aliona kijisanduku kitupu kabla yake, akapiga simu, na yeye akaogopa kusema.

"Ulikaa hapa ukamwona anapekuliwa," alisema Adib. Alishangaa kusikia sauti yake imekuwa ngumu.

"Nilimwona."

"Kwa kuogopa nini?"

"Wote walioondoka hapa walisema watarudi, mwanangu. Ndugu zangu, binti zangu wa kazi, hata marehemu mume wangu alisema anakwenda Maskati wiki moja. Huyu miaka kumi na mmoja ananiogesha, ananisomea dawa zangu, ananikumbusha majina ya watu waliokufa. Maan ni mtoto mwema, lakini Kiswahili chake ni cha salamu. Huyu akenda, nitasema na nani?"

Adib alijikuta hana hasira tena, ana huzuni tu. Lakini saa ya ukutani ilisema saa tano na nusu.

"Mali imeonekana, mwizi hakuna. Hayo nitayaandika, na jalada nalifunga sasa hivi," alisema. "Lakini Mwanamkasi atayasikia kwako, si kwangu. Na Maan pia, mbele yao wote. Mwanamke huyu hawezi kupanda ndege na jina la mwizi."

Wakaitwa. Walisimama mlangoni, Maan, Zedekiya na Mwanamkasi, na bi kizee akasema kila neno, bila kujitetea. Maan alikaa chini kwenye kiti cha karibu, akajishika kichwa. Kisha alimgeukia Mwanamkasi, akamwomba radhi kwa lile begi. Zedekiya alitazama viatu vyake.

Mwanamkasi hakulia. Alikuja akasimama mbele ya kiti.

"Kwa nini hukunambia tu nisende, Bi mkubwa?"

"Ningekwambia, ungebaki?"

"Hapana. Mwanangu anajifungua."

"Basi ndiyo hivyo."

Mwanamkasi aliingiza mkono katika mkoba wake, akatoa karatasi ya tiketi iliyokunjwa mara nne. Aliikunjua juu ya mapaja ya bi kizee, kando ya rubi. Bi Thuweiba hakuwa na miwani. Ikabidi Adib aisome kwa sauti: kwenda, leo. Kurudi, tarehe kumi na tisa mwezi ujao.

"Arobaini ya mtoto ikiisha nilikuwa narudi," alisema Mwanamkasi. "Nilishakata. Sikukwambia, nilitaka uione siku ile nikibisha mlango."

Bi Thuweiba aliushika mkono wa Mwanamkasi kwa mikono yake miwili.

"Na sasa utarudi?"

Mwanamkasi aliutoa mkono wake pole pole, bila ukali. Akaikunja tiketi, akairudisha mkobani. Akamwambia Zedekiya alete gari, saa zinakwenda, na akaingia jikoni kukusanya soksi za kichanga zilizokuwa bado zimetawanyika sakafuni.