Aliyenichongea kwa Mgambo

"Toka nje! Mhujumu uchumi wewe!"

Mgambo waliuvunja mlango kwa teke, mimi nimeshika nyundo. Aisee, hata kuiweka chini sikukumbuka!

Ilikuwa 1983, Kemambo. Mwaka ule wa msako wa wahujumu uchumi, ndugu zangu, ukikutwa na sabuni usizoweza kuzieleza umekwisha. Mimi nilikutwa na chuma chumba kizima!

Naitwa Wangwe. Niliwahi kuwa mwanariadha wa Mkoa wa Mara, mpaka goti likaharibika. Nikarudi nyumbani na fimbo. Walionibeba mabegani wakawa wananipita tu njiani.

Trekta la shamba la ujamaa lilishakufa. Mwenyekiti wa kijiji akaniambia, "Chukua hayo mavyuma, yanaumiza ng'ombe."

Nikawasha moto, nikagonga... Sahani za jembe la trekta zikawa vifua, minyororo ya baiskeli ikawa migongo. Sanamu za wakimbiaji! Mimi siwezi kukimbia, lakini wao wanakimbia. Nililia, jamani.

Nilifanya kwa siri. Kwetu mfua chuma alikuwa mtu wa kutengwa, hata kuoana na familia yake watu walikataa. Aliyejua ni Magige peke yake, rafiki yangu tuliyekimbia pamoja, mchumba wa dada yangu Boke.

Sasa nani kanichongea?

"Magige..." Nilisaga meno njia nzima.

Tulipofika ofisi ya kijiji, mgambo akasema, "Aliyeleta taarifa asimame."

Akasimama mama.

Mama yangu mzazi! Aliyelikanda goti hili kwa maji ya moto!

"Mama... ni wewe?"

"Ni mimi. Nilikufuata, nikaona. Mfungeni! Afadhali mtoto wangu awe jela kuliko kuwa mfua chuma. Kwa kina Magige wakisikia, Boke ataolewa na nani?"

Nilichoka.

Mwenyekiti akakohoa. "Mama Wangwe, vile vyuma nilimpa mimi. Hapa hakuna kesi."

Magige akajitokeza kati ya watu waliojaa pale, akamwonyesha mama viganja vyake vyeusi kwa masizi.

"Shikamoo, mama. Mivukuto ya kupuliza ule moto navuta mimi. Na Boke namtaka vilevile."

Nikasema moyoni, sasa mama atalainika.

Thubutu!

"Kumbe na wewe? Basi humwoi!"

Boke, aliyekuwa ameketi kando ya mama, akainuka. Akajifunga kanga, akamshika Magige mkono, wakatoka. Nikawafuata nikichechemea.

"Wangwe! Umeninyang'anya watoto!" mama alipiga kelele nyuma yetu.

Boke na Magige walioana. Mimi bado nafua, na sanamu zangu zimefika miji ambayo sijawahi kuiona. Ila mama alifariki bila kukanyaga kwangu hata mara moja.

Mnaniuliza kama nilimsamehe? Siku nyingine ndiyo. Siku nyingine mzee mzima nalia.

Wanangu, ukitaka kumwokoa mtu unayempenda, muulize kwanza kama anazama. Mama yangu hakuniuliza.