Bibi Evodia Aenda Kuomba Uraia

Shelui haingoji jogoo. Malori ndiyo huwika. Kila asubuhi ya likizo Loyce aliamshwa na kelele za breki na harufu ya moshi wa kuni. Akitoka nje, alimkuta bibi yake, Evodia, ameshainamia sufuria mbele ya mgahawa wao kando ya barabara kuu, akikoroga uji na kuimba wimbo wa kwao ambao hakuna mtu mwingine Shelui aliyeujua. Kazi ya Loyce ilikuwa kuosha vikombe na kuwaamkia madereva. Kazi nyingine, ambayo hakutumwa na mtu bali aliifanya kwa moyo mkunjufu, ilikuwa kuwatilia chumvi kwenye chai wale waliopuuza kuitikia shikamoo yake.

Baadaye, akiwa shuleni bwenini, ambako uji ungeweza kugandisha soli ya kiatu, alizikumbuka asubuhi hizo kuliko sikukuu zote.

Bibi Evodia alizaliwa Zambia, katika kijiji kimoja karibu na Mbala. Alifika Shelui akiwa msichana, ameketi kwenye lori kando ya mumewe, dereva Melkiori, aliyemwahidi kumwonyesha dunia. Alimwonyesha shamba la alizeti. Evodia akalipenda. Alilima, akazaa, akazika, na miaka yote hiyo aliishi kwa kibali kama mke wa Mtanzania. Kisha Babu Melkiori akafariki, na kibali kikakaribia kwisha. Wanawe wakamshauri aombe uraia. Maombi yalipelekwa, tangazo likatolewa gazetini ili mwenye pingamizi aseme, na sasa alikuwa ameitwa Singida mjini kuhojiwa.

"Wakikukataa itakuwaje, Bibi?" Loyce aliuliza, akisugua kikombe ambacho kilikuwa safi tangu zamani.

"Nitarudi nilikotoka. Ila sijui nitapiga hodi kwa nani. Walionijua kule wamelala makaburini, na babu yako kalala hapa."

Simoni, utingo wa lori la vitunguu, aliyekuwa akimalizia chapati ya tatu, alinyanyua kidole kama hakimu. "Bibi, usijichongee. Ukitaja Zambia tu, umejifukuza mwenyewe. Sema umezaliwa hapo jirani, Kiomboi. Kinyiramba unakijua mpaka unakitumia kugombana sokoni. Nani atajua?"

"Mbona kwenye maombi tuliandika Mbala?" aliuliza Bibi.

"Karatasi nani anazisoma? Wale wanasikiliza mdomo!"

Bibi alicheka tu. Lakini Loyce hakucheka. Alimtazama Simoni kama mwanafunzi anavyomtazama aliyeuona mtihani kabla ya siku yake.

Alasiri ile alivaa koti la marehemu babu yake, lililomfika magotini, akapachika puani miwani isiyo na vioo, na kuketi juu ya ndoo iliyofunikwa. Bibi alikuwa mkekani akipura alizeti.

"Mwombaji!" aliita Loyce kwa sauti nzito. "Uko tayari kuhojiwa?"

"Eya, mukwai," Bibi aliitikia kwa Kibemba, kama alivyoitikia wakubwa utotoni.

"Bibi! Hapo umeshavuka mpaka! Sema 'ndiyo, afande'. Umezaliwa wapi?"

"Mba... Kiomboi."

"Na mama yako?"

Bibi aliacha kupura. "Mama yangu? Naye tuseme kazaliwa Kiomboi?"

"Naye pia. Wote."

Bibi alicheka, lakini kicheko kilikatika kabla ya wakati wake. Loyce aliliona hilo. Akaendelea tu na swali lililofuata, kwa sababu alitaka mno bibi yake abaki.

Siku ya mahojiano ilipofika, walipanda basi la alfajiri. Afisa wa uhamiaji aliyewapokea alikuwa mwanamama aliyevaa sare iliyonyooshwa barabara, jina lake Johari. Loyce alimwamkia na kuketi pembeni, miguu imebanana.

"Karibu, mama. Umezaliwa wapi?"

Bibi alimtazama mjukuu wake. "Kiomboi, afande."

"Na wazazi wako?"

"Kiomboi."

Afande Johari aliweka kalamu chini taratibu. "Mama, mzaliwa wa Kiomboi, wa wazazi wa Kiomboi, anakuja kwangu kuomba uraia? Hiyo ni sawa na samaki kuomba ruhusa ya kuogelea. Na maombi yako yanasema Mbala. Mojawapo ni uongo. Unajua kwamba uongo hapa unaweza kukufikisha mahakamani? Na kwamba hata aliyekwisha kupewa uraia anaweza kunyang'anywa, ikigundulika aliupata kwa kudanganya?"

Mikono ya Bibi, iliyozoea kugeuza chapati bila kuogopa moto, iliukamata ukingo wa kiti. Loyce hakuwahi kuiona hivyo. Maskhara yote aliyowahi kuyajua yalimkimbia. Akasimama.

"Afande, nisamehe. Nilimfundisha mimi. Bibi alisema Mbala tangu mwanzo. Mimi ndiye niliyeogopa kwamba mtamrudisha."

Afande alimwonyesha kiti. "Kaa chini. Mama, tuanze upya. Safari hii jibu wewe mwenyewe, si mjukuu wako."

Basi Bibi akasema. Alieleza kijiji chake na mto ambamo wasichana walichota maji wakiimba. Alimtaja mama yake kwa jina, mwanamke aliyetwanga ulezi amembeba mtoto mgongoni, na aliyesimama njiani siku lori la Melkiori lilipoondoka, akipunga mkono mpaka vumbi likamfunika. Loyce alisikiliza kama mgeni. Alikuwa ameusikia ule wimbo wa asubuhi maisha yake yote, na hakuwahi kuuliza ulitoka wapi.

"Ukipewa uraia wetu, utaukana ule wa Zambia," alisema Afande Johari. "Uko tayari?"

"Uraia nitaukana, afande. Mama yangu sitamkana."

"Hakuna sheria inayokutaka umkane, mama." Afande akaichukua tena kalamu. "Nitaandika kilichotokea chote, pamoja na ukweli uliosemwa. Uamuzi hautolewi na mimi."

Miezi ilipita, Loyce akarudi bwenini. Kila alipokunywa ule uji aliwaza kama asubuhi za Shelui zilikuwa zimekwisha kwa sababu yake. Ndipo siku moja ya wazazi, Bibi akatokea langoni amevaa kitenge kipya, kuku wa kukaanga mkononi. Alikuwa amekwisha kula kiapo cha uraia.

Loyce alimkimbilia. "Shikamoo, Mtanzania!"

"Marahaba, mtundu wewe." Waliketi kwenye nyasi, na Bibi akamvunjia paja la kuku. "Ulinitakia mema, mjukuu wangu, najua. Lakini sikiliza. Ukipiga hodi kwa watu kwa jina la uongo, hata wakikukaribisha, aliyekaribishwa si wewe. Wewe bado umesimama nje."

Loyce aliacha kutafuna.

"Sasa kula," alisema Bibi, "nikufundishe wimbo wa mama yangu."