Namba ya Billy

Kila Jumamosi asubuhi Trizah alipanga mtungi wake kwenye foleni ya maji ya mtaa wao, Soweto West, kisha akaenda kumgongea Billy. Ukuta wa kina Billy ulikuwa wa mabati, kwa hiyo kugonga mara moja kuliamsha ploti nzima na nusu ya ploti ya jirani.

"Billy! Umelala ama umezirai?"

"Nakuja bana, natafuta kiatu!"

Wote wawili walikuwa na miaka kumi na miwili na walisoma darasa moja. Foleni ya maji ilikuwa ndefu kiasi kwamba mtu angeweza kuingia mtoto akatoka na ndevu. Siku za shule, waliokwama huko walichelewa, na mwalimu alipoita majina, rafiki aliitikia kwa niaba ya rafiki: "Niko!" Hakuna aliyeona kosa. Walikuwa wanasaidiana tu.

Maji yakishafika nyumbani, walitembea hadi Kabiro, Kawangware, kwenye klabu ya Madam Wagaki. Mama huyo alikuwa ameongoza wageni Mlima Kenya kwa miaka kumi na tisa. Sasa aliwafundisha watoto kumi na wawili kazi ya kuongoza safari za milimani. Kawangware haina mlima, basi walipanda ngazi za ghorofa iliyoachwa bila kumalizika, ambayo orofa yake ya tano ilikuwa na mbuzi waliowatazama watu kama wenye nyumba. Hapo walijifunza kufunga kamba, kutengeneza machela kwa makoti na fito, na kumsaidia mtu aliyezidiwa na baridi.

Kila mtoto alikuwa na namba yake. Madam Wagaki akisema "Hesabu!", namba zilitajwa kutoka mbele hadi nyuma. Wa mwisho aliitwa mkia.

"Mkia hampiti mtu," aliwaambia. "Hata huyo mtu akiwa anatembea kama kinyonga mwenye malaria."

Jumamosi ya mwisho ya Julai walienda Milima ya Ngong kwa mazoezi ya kweli. Billy alikuwa namba kumi na moja. Trizah, kumi na mbili, ndiye aliyekuwa mkia. Mwezi wa nane Madam Wagaki angechagua mtoto mmoja wa kwenda kambi ya mafunzo Mlima Kenya, na Trizah aliitaka nafasi hiyo mpaka akawa anaiota.

Upepo wa huko haupiti mtu hivi hivi, unampekua mifuko. Walipofika kilima cha tatu, soli ya kiatu cha Billy ikabanduka. Mstari ukasimama kumngoja. Baada ya hatua chache ikabanduka tena.

"Billy, hicho ni kiatu ama ni mamba?" Jeremy alipiga kelele kutoka mbele. "Mbona kinafungua mdomo?"

Watoto walicheka. Madam Wagaki hakucheka. "Ikibanduka tena, Mutie atakurudisha getini." Mutie alikuwa kijana aliyemsaidia kazi.

Ikabanduka tena. Ukungu ulikuwa umeanza kushuka. Billy alichuchumaa kando ya jiwe kubwa lililopasuka katikati.

"Enda, Trizah. Nafunga na kamba, nawapata saa hii."

"Mimi ndiye mkia. Siwezi kukupita."

"Ukisimama watajua, nirudishwe. Niitikie tu, kama shule."

Trizah alisita. Kisha akampita.

Sauti ya Madam Wagaki ilikuja kutoka kwenye ukungu: "Hesabu!" Namba zikashuka hadi kumi. Trizah akakaza koo, akasema kwa sauti nzito, "Kumi na moja!" Halafu kwa sauti yake, "Kumi na mbili!"

Mvua ikaanza. Baada ya nusu saa waliitwa tena. Trizah aligeuka nyuma akaona weupe mtupu. Alitaka kusema, lakini sasa ingebidi aeleze pia ule uongo wa kwanza. Akaitikia tena.

Walisimama chini ya mwamba kunywa chai. Mutie alimimina vikombe kumi na viwili. Watoto walichukua, na kikombe kimoja kikabaki kikifuka moshi.

"Nani hajachukua chai?" Madam Wagaki aliuliza. Macho yake yalipita kwenye nyuso moja moja. "Billy yuko wapi?"

"Alikuwa hapa sasa hivi," Trizah alisema. "Labda ameenda haja."

Walimtafuta pale pale, nyuma ya mwamba na vichakani, kwa dakika ishirini. Mvua ilizidi. Ndipo Trizah akamwendea Madam Wagaki.

"Madam, hayuko hapa. Alibaki nyuma kwa jiwe lililopasuka. Mimi ndiye nilikuwa naitikia namba yake."

"Haki Trizah!" Jeremy alisema, na hakukuwa na mzaha tena.

Madam Wagaki hakupaza sauti. Hilo ndilo lililomtisha Trizah zaidi. "Ilikuwa saa ngapi? Amevaa nini? Ana filimbi?"

"Kama saa nne na nusu. Sweta ya shule. Filimbi aliacha nyumbani."

Sasa ilikuwa saa sita kasoro. Madam Wagaki aliwapigia simu walinzi wa msitu, akawataka walete machela. Aliwaacha wengine kumi chini ya mwamba na Mutie, akamshika Trizah mkono. "Twende. Ni wewe tu unayelijua hilo jiwe."

Walilipata jiwe. Billy hakuwepo. Madam Wagaki alipuliza filimbi, kisha akanyamaza.

"Puliza tena, Madam!"

"Nyamaza. Kupuliza kila mtu anaweza. Kazi ni kusikiliza."

Walisikiliza. Upepo. Mvua. Kisha kitu kama mtoto anayeongea usingizini, chini kabisa kwenye mteremko.

Billy alikuwa amekata njia ya mkato ili awahi wenzake, akateleza. Mguu wake wa kulia ulikuwa umepinda mahali ambapo mguu haupindi. Hakuwa anatetemeka tena. Alikuwa akijaribu kuvua sweta.

"Naskia joto," alisema, ulimi mzito.

"Amepata nafuu?" Trizah aliuliza.

"Hapana," Madam Wagaki alisema. "Baridi ikizidi sana, mtu huhisi joto. Hapo ndipo watu hufa."

Alimvua nguo zilizolowa, akamvika koti kavu na kofia kutoka begini mwake, akamlaza juu ya mabegi ili ardhi isimnyonye joto, akamfunika kwa karatasi ya nailoni. Mguu hakuunyoosha, aliufunga kwa fito kama ulivyokuwa. Trizah alipotaka kumsugua Billy mikono, Madam Wagaki alimzuia, na alipotoa chai alimzuia tena.

"Hajui hata kumeza sasa, atapaliwa. Ingia humo ndani, umkumbatie. Mwongeleshe, asilale."

Trizah alimwongelesha. Alimweleza habari za foleni ya maji, hesabu za shule, mbuzi wa Kabiro, kila kitu, huku mwili wa Billy ukiwa baridi kama samaki wa barafu. Walinzi walipofika na machela, Trizah alikuwa amekaukwa na sauti.

Billy hakufa. Alikaa hospitalini wiki tatu, akawekwa vyuma mguuni, na daktari akasema kukimbia kama zamani asitarajie. Jumamosi ya kwanza, Madam Wagaki alimpeleka Trizah wodini. Kambi ya Mlima Kenya ilikuwa imepata mtu mwingine, na Trizah hakuuliza ni nani.

Mama Billy, Seline, ambaye huuza dagaa wa omena mtaani Sarang'ombe, alikuwa ameketi kando ya kitanda. Hakumkaribisha.

"Sema mwenyewe," Madam Wagaki alimwambia Trizah.

Trizah alisema yote, hata zile dakika ishirini walizopoteza kwa uongo wake.

"Mama, mimi ndiye nilimtuma aniitikie," Billy alisema polepole.

"Wewe nyamaza, zamu yako inakuja." Mama huyo aliutazama mguu wa mwanawe uliofungwa plasta, kisha akamgeukia Trizah. "Najua ulimtakia mema. Ungemtakia mabaya ningekufukuza hapa. Lakini sikia, mtoto wangu. Ukisema mtu hayupo, watu watamtafuta. Ukisema yupo, wanaacha. Ulimfungia mlango huku ukidhani unamfungulia."

Akasogea kwenye benchi, akaacha nafasi ya mtu mmoja.

"Sasa kaa hapo. Daktari akija, mimi Kiingereza chake kinanishinda. Utanieleza yote anayosema. Yote, hata yale mabaya."

Trizah akakaa.