Aliyebisha kwa Kiswahili

Jua lilikuwa linazama nilipotoka na ndoo kuchota maji ya udhu bombani. Kambi ilikuwa tupu. Msimu wa wageni umekwisha. Mume wangu, Ghulamabbas, alikuwa ameenda na gari kutafuta mkate, akaniacha kwenye karavani tuliyoikodi, mimi na binti yetu Fizza. Na mbwa wawili wa Fizza.

Mbwa! Kutoka Toronto mpaka pwani ya Atlantiki, ufukwe hadi ufukwe, natembea na mbwa kama mzungu. Nilikubali kwa sharti moja: wasikanyage ndani, maana ni najisi na mimi nasali humo. Fizza alizaliwa Toronto. Kiswahili anakisikia, ila ukimsemesha anakujibu Kiingereza. Safari ile niliikubali ili nimrudishe mwanangu kabla hajanipotea kabisa.

Niliporudi na ndoo, Fizza alikuwa amewapeleka mbwa ufukweni. Nikatia komeo, nikaanza udhu.

Hodi. Polepole.

"Mama, nifungulie. Nasikia baridi."

Kiswahili! Tena cha Tanga, kimenyooka kama cha marehemu mama yangu. Wallahi nilifurahi mpaka machozi. Nikafungua.

Aliingia amelowa, bila viatu, ananuka mwani.

"Umeanguka majini? Mbwa wako wapi?"

"Wanakuja," akanong'ona. Akarudisha komeo mwenyewe.

Kisha nikasikia mbio mchangani... mbwa wakibweka... kucha zikikwaruza mlango.

"Mom! Open the door! Mom, please!"

Sauti ya Fizza.

Nikamtazama aliyeketi mbele yangu. Uso wa Fizza. Kovu la kidevuni la Fizza.

"Usiitikie, Mama," akanong'ona. "Magharibi haiitikiwi sauti ambayo mwenyewe humwoni. Si ndivyo bibi alivyokufunza?"

Ndivyo alivyonifunza. Sikuligusa komeo. Yule wa nje alilia, akagonga, mbwa wakabweka pamoja naye. Nikaanza kusoma Ayatul Kursi, nisijue naisoma dhidi ya nani. Wa ndani akaisoma pamoja nami. Hakukosea hata neno.

Kilio kikahamia upande wa bahari. Kikapungua...

Kikakatika.

Ghulamabbas aliporudi aliwakuta mbwa wameketi ukingoni mwa maji, wanatazama baharini. Walikataa katakata kupanda gari na binti yake, ikabidi tuwaache kwa mwenye kambi. Nilipomweleza mume wangu yaliyotokea, alinishika paji la uso kuona kama nina homa.

Sasa tuko nyumbani, mtaa wa Dixon, Toronto. Msikitini wanawake wananipongeza. "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, Gulzar!" ananiambia Naseem, ambaye wanawe hawamwamkii hata shikamoo. Binti anapika. Anasali. Baba yake anatembea kifua mbele. Mimi nimwendee nani? Polisi? Nikawashtakie kwamba mwanangu ana adabu?

Nimekonda. Usingizi sina.

Jana alikuwa ananisuka, chai iko mezani. Nikajikaza.

"Mwanangu yuko wapi?"

Vidole vyake havikusita kwenye nywele zangu.

"Alibisha hodi, Mama," akasema, kwa upole kabisa. "Wewe ndiye hukumfungulia."

Akanimiminia chai. Nikanywa.