Picha ya Mwisho ya Digidigi

Naanza kwa jina la Mwenyezi Mungu, aliyewapa uhai viumbe wanaosema na wasiosema, na rehema zake zitufikie sote.

Watu wa kisa hiki ni wanne. Wa kwanza ni Sabrin binti Bile, msichana wa miaka kumi na mitatu, mkazi wa Makindu. Wa pili ni Nzisa, rafiki yake wa dawati moja. Kisha Wavinya, mlezi wa wanyama yatima katika kituo cha uokoaji nje ya mji, na Bwana Kilonzo, msimamizi wa kituo hicho.

Kila Jumamosi Sabrin humsaidia mama yake kuosha mitungi ya maziwa. Jumamosi ile aliimaliza kazi mapema, akachukua kamera ya shule, akaandamana na Nzisa hadi kituoni. Kituo kilikuwa kimewafungulia wananchi milango, naye alikuwa ametumwa kupiga picha za wanyama na wageni kwa ajili ya ubao wa shule.

Alimpiga picha kobe aliyegongwa na lori, gamba lake limeungwa kwa gundi. Aliwapiga picha kina mama wa kanisa wakicheka mbele ya nyani. Mwishowe wakafika kwenye banda lililozibwa kwa pazia la gunia. Ndani mlikuwa na digidigi mchanga, swala mdogo kama paka, ambaye mama yake alikufa katika mtego wa waya. Wavinya alikuwa akimwendea kila siku akiwa amevaa koti lile lile kuukuu, ili asisikie harufu ngeni.

"Chungulieni hapa pembeni, mmoja mmoja," Wavinya alinong'ona. "Pazia lisiguswe, na taa ya kamera izimwe. Huyu akishtuka anaweza kufa."

"Sawa, auntie."

Sabrin alipiga picha tatu, zote zikatoka nyeusi. Nzisa akatazama kioo cha kamera. "Hii ni digidigi ama ni ugali umeungua? Shule nzima itakucheka."

Wavinya aliitwa kwenda kuwapokea wageni wengine. Sabrin akalifunua pazia, akawasha taa, akabonyeza mara moja.

Digidigi aliruka juu, akagonga nguzo kwa kichwa, akaanguka. Miguu ilitetemeka kidogo, kisha ikatulia.

Wasichana walikimbilia nyuma ya hema la wageni. Kutoka hapo walimwona Wavinya akirudi, akipiga magoti, akilivua koti lake na kumfunika nalo yule mdogo. Bwana Kilonzo alifika.

"Pazia li wazi, Wavinya. Uliondoka bila kulifunga?"

"Nililifunga, bwana."

"Basi limejifungua lenyewe? Kesho usije kazini."

Nzisa alimvuta Sabrin mkono. "Futa hiyo picha. Hakuna aliyetuona."

Sabrin aliitazama. Katika mwanga mkali, macho mawili makubwa yalikuwa yakimwangalia. Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe cha kufutia, lakini hakukibonyeza. Alitembea hadi kwa Bwana Kilonzo, akamkabidhi kamera.

"Auntie alilifunga," alisema. "Mimi ndiye niliyelifungua. Nilitaka picha nzuri."

Bwana Kilonzo aliiangalia picha. Akamgeukia Wavinya, akamwomba radhi mbele ya wageni, na kumwambia arudi kazini kama kawaida. Wavinya alimbeba digidigi ndani ya koti hadi nyuma ya banda. Sabrin alichukua jembe akachimba, machozi yakidondoka juu ya udongo mwekundu.

"Nisamehe, auntie."

"Nimekusamehe, mwanangu. Ila msamaha wangu haumwamshi." Wavinya alisawazisha udongo kwa kiganja. "Mtu akikukataza jambo, huenda anamlinda asiyeweza kujisemea. Ukweli wako umeniokoa mimi. Yeye angeokolewa na utii wako. Nenda na hayo yote mawili."

Ee Mola, wahifadhi viumbe waliobaki katika mabanda yale, watie nguvu wanaowalea, na uilainishe mioyo ya watoto wetu iwe yenye huruma na ukweli. Amina.