Kinyonga Aliyepakwa Kijani

Kila Jumatano, wanafunzi wa darasa la sita wakishamaliza kufagia madarasa, wanachama wa klabu ya picha za wanyama walikusanyika katika chumba cha sayansi. Mwalimu Irene aliunganisha simu na projekta, picha zikaonekana ukutani moja baada ya nyingine. Sheria ilikuwa moja: wenzako wanapoijadili picha yako, wewe husemi. Unasubiri mpaka wamalize.

Sheria hiyo ilimkera Shamsia kuliko hesabu za sehemu. Tangu baba yake, mzee Mwinjuma, afariki mwaka uliopita, neno dogo tu lilimchoma. Lakini siku hiyo alikuja na matumaini. Picha bora ingewekwa kwenye bango la shule katika maonyesho ya wakulima ya Nanenane, na chini yake lingeandikwa jina la mpigaji: Shamsia Mwinjuma. Alitaka watu walisome tena jina la baba yake, si kwenye kibao cha kaburi peke yake.

Picha yake ikatokea. Alikuwa kinyonga wa kijani kikali, ameachama mdomo, juu ya tawi la ua wa nyumbani kwao Bigwa.

"Kijani gani hicho, kama jezi mpya!" Hamza alicheka. "Halafu umemweka katikati kabisa, utadhani picha ya kitambulisho. Mkia umeukata. Na ile nyuma si ndoo ya kufulia?"

Shamsia akabana meno.

Paskalia akanyoosha mkono. Alikuwa msichana mpole aliyekuja mjini kusoma kutoka Mgeta, ambako wazazi wake hulima kabichi. "Mwalimu, huyu amekasirika. Kwetu wanakaa kwenye maharage, nimewazoea. Akitanua koo na kuachama hivyo, mwili huwa mweusi. Hawi kijani." Akamgeukia Shamsia. "Ulimfanyaje?"

"Mtoto wa kabichi wewe!" Shamsia aliruka kutoka kwenye benchi. "Umeanza lini kushika simu? Wivu tu! Rudi kwenu ukapige picha kabichi!"



"Shamsia," Mwalimu Irene alisema kwa sauti ya chini, "nionyeshe picha ya mwanzo, kabla hujaihariri."

"Sina!" Alichomoa simu kwenye waya, akatoka bila ruhusa.

Alikuwa nayo. Siku ya kupiga picha, kinyonga alikuwa amempa mgongo, naye Shamsia akamchokonoa kwa kijiti ili atazame kamera. Mnyama akageuka akiwa mweusi, mdomo wazi. Shamsia aliona weusi ule hauvutii, akampaka kijani kwa programu ya simu.

Jioni alisugua masufuria kwa kishindo.

"Sufuria limekukosea nini?" mama yake aliuliza.

"Paskalia ananiita mwongo!"

"Alitamka neno hilo?"

Shamsia akafikiri. Paskalia hakulitamka. Hilo likamkasirisha zaidi.

Jumamosi asubuhi alikwenda uani kumkomesha Paskalia. Angempiga kinyonga picha akiwa kijani mwenyewe, ameachama vilevile, wote waone. Alimkuta kwenye tawi la chini. Kumwona tu, kinyonga akawa mweusi.

"Na wewe pia?" Shamsia alifoka.

Hakuthubutu kumgusa, maana angethibitisha maneno ya Paskalia. Akapiga magoti hadi macho yake yakawa sawa na ya mnyama. Alikaa kwa hasira, si kwa subira. Miguu ikafa ganzi. Jua lilipopanda, mdomo ulikuwa umefumbwa na weusi umeanza kufifia. Kikaja kijani hafifu, na ubavuni ukatokea mstari mweupe ambao katika picha yake haukuwapo kabisa. Jicho moja likazunguka, likamtazama. Akabonyeza mara moja tu.

Alibaki pale chini, moyo bado ukifukuta, ila sasa hakujua amkasirikie nani.

Jumatano iliyofuata alimwomba radhi Mwalimu Irene kwa kutoka darasani, akapewa adhabu ya kumwagilia bustani wiki nzima. Kisha akaonyesha picha tatu: ya weusi, ya kijani cha kupaka, na ile mpya.

"Jicho linang'aa," Hamza alisema. "Lakini anatazama kulia, nawe umemwachia nafasi kushoto. Atagonga ukuta huyo!"

Wenzake wakacheka. Shamsia alilishika benchi kwa mikono miwili.

"Huyu ametulia," alisema Paskalia. "Ila lile jani la juu linang'aa mno, linavuta macho. Lipunguze mwanga."

Walipomaliza, Shamsia alipunguza mwanga wa jani, akakata upande wa kushoto. Kinyonga akaonekana kama amesogea karibu. Halafu, mbele yao wote, akaifuta picha ya kijani cha kupaka.

"Paskalia, nisamehe. Lile neno la kabichi lilikuwa baya."

"Kabichi ndizo zinazonisomesha," Paskalia alijibu bila kutabasamu. "Usirudie."

"Kwenye bango zitakwenda mbili," Mwalimu Irene akasema. "Huyu aliyetulia, na huyu mweusi, watu wajue mnyama akichokozwa anakuwaje. Chini ya huyu mweusi andika ulivyoipata picha yake."

"Na jina langu?"

"Na jina lako lote."

Machozi ya hasira yakamlenga Shamsia. "Mwalimu, baba hakunifundisha kuchokoza wanyama! Usiliweke jina lake pale."

Mwalimu Irene akaketi kando yake. "Jina la baba yako lingeaibika zaidi chini ya picha ya uongo. Kuhariri ni kufuta vumbi kwenye kioo, si kubadili sura iliyomo. Na mwenzako anayekuonyesha kosa wakati bado unaweza kulirekebisha hajakutukana, amekusaidia. Kukosea kila mtu hukosea, mwanangu. Anayekiri ndiye anayelilinda jina lake."

Shamsia akachukua kalamu. Akaandika: *Kinyonga mwenye hasira. Nilimchokonoa kwa kijiti. Picha: Shamsia Mwinjuma.*